Herufi Zisizojua Kunong'ona

Araba Esuon alipanga herufi katika kiwanda cha chapa cha Bwana Abakah, mjini Saltpond, kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo yote hakuna mtu mzima wa mji ule aliyezikwa kabla jina lake halijapita mikononi mwake. Sokoni walimtania. "Araba, hujaliona jina langu leo?" Naye hujibu bila kugeuka, huku akichagua samaki, "Bado, ila herufi zako nimeshazipangusa vumbi." Watu hucheka, halafu mtu aliyeuliza huaga upesi, maana utani wa kifo huchekesha mpaka ufike kwako.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake mdogo, mpanga herufi aliyepatwa na mtoto wa jicho. Bwana Abakah alimweka msichana pembeni amsomee mzee, na mzee alipokuwa haoni hata mkono wake mwenyewe, ikagundulika kwamba kazi yote ilikuwa ikifanywa na msichana tangu mwaka uliopita. Basi wakamwachia. Mwanamke anapanga chapa! Watu walisema wakachoka, na mabango yakaendelea kutoka yamenyooka.

Mle kiwandani mlikuwa na herufi za madini ya risasi za kila namna: ndogondogo za mialiko, zile zilizolala ubavu za barua za wachungaji, nyingine za risiti. Lakini fahari ya nyumba ilikuwa kasha moja la herufi za mbao, kubwa, kila moja urefu wa kiganja, zilizokuja na meli enzi za baba yake Bwana Abakah. Nene hizo, jamani! Mwili mzito, kiuno hakuna, na kila mguu umevalishwa kiatu cha mraba chenye unene uleule wa mguu. Hakuna iliyopinda kwa maringo, hakuna iliyochongoka. Wafanyakazi waliziita Asafo, kwa jina la vile vikosi vya mji vinavyotoka na bendera siku za sikukuu, vikasimama mstari mmoja barabarani visimpishe mtu.

Asafo walitangaza ngumi, dansi, mavuno ya kanisa, dawa ya minyoo na wagombea uchaguzi, washindi na walioshindwa. Zaidi ya yote walitangaza misiba. Juu kabisa kinakaa kichwa cha habari, na kichwa hicho kina sheria zake. Aliyekufa kijana huandikiwa MSHTUKO ULIOJE. Aliyeota mvi huandikiwa AMEITWA NYUMBANI. Chini yake jina la marehemu, halafu wakuu wa ukoo, halafu watoto, wajane, wajukuu, kila mtu na ukubwa wake wa herufi, na ole wako umpunguzie mjomba wa mtu kiatu kimoja. Araba aliwahi kutukanwa mpaka kizazi cha saba kwa sababu jina la mzee mmoja lilikuwa dogo kuliko la shemeji yake.

Siku moja alikuja mama mmoja tajiri, akataka kadi za harusi ya binti yake zichapwe kwa Asafo. Araba akamwambia, "Mama, ukiwaweka hawa kwenye kadi ya harusi, wageni watakuja na marungu." Mama akakasirika, ila Araba hakurudi nyuma. Akamweleza kama alivyowaeleza wanagenzi wote waliopita mkononi mwake: ukitaka mtu aliye juu ya lori linalopita asome hata kama hataki, waite Asafo. Ukiwa na jambo la taratibu, nenda kwenye risasi. "Hawa hawajui kunong'ona," alisema. "Ukiwapa siri wataipigia ngoma." Alilijua hilo kuliko mtu yeyote pwani nzima ile, na ndiyo maana yaliyotokea baadaye yananiuma hadi leo.

Sasa, waliochonga Asafo huko ng'ambo hawakuwa na habari za majina ya Wafante. Kwenye kasha walitia J sita na Z nne, na A tatu tu. A tatu! Watu wa kwetu jina moja tu linazimaliza. Mwaka elfu moja mia tisa na hamsini, moja ilipasuka katikati, na Bwana Abakah akamtuma Araba kwa fundi seremala aliyekuwa na karakana karibu na kituo cha malori, akaulize kama anaweza kuchonga nyingine.

Fundi huyo aliitwa Ekow Tandoh. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Akaigeuza ile A mkononi, akasema, "Hii ni stuli tu. Ina miguu miwili na ubao katikati." Baada ya siku mbili akaleta A mbili za mti wa mpera, safi kabisa, zenye viatu sawasawa. Araba akafurahi, akampa kazi ya R na K. Ekow akazichonga kama alivyoziona kwenye bango, zikitazama kulia, badala ya kuzichonga zikitazama nyuma. Zilipopigwa chapa zikatoka zimegeuka, R imewapa watu mgongo. Araba alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

"Sasa unacheka nini?" Ekow aliuliza. "Si ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo kwako, fundi. Kwenye kazi hii kila kitu tunakisoma kinyume."

"Basi nifundishe kusoma kinyume."

Akawa anakuja kila jioni kufundishwa. Mtu mzima na akili zake hahitaji miezi minne kujifunza kugeuza R, lakini Ekow aliihitaji yote minne, na mwishoni Araba akahamishia vyungu vyake kwenye vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana. Hapo ndipo waliishi miaka ishirini na sita. Asubuhi walikula dokono, ule ugali wa mahindi machachu, na samaki kwenye sahani moja, na jioni Ekow alichonga herufi nyingine za mpera mpaka Asafo wakatosha. Mungu aliwaazima watoto wawili, akawachukua wote kabla hawajatambaa. Waliwalilia pamoja, na baada ya hapo hawakupewa mwingine.

Ila chupa za posa hazikupelekwa. Hapa ndipo penye kidonda. Mwanamume hajipelekei posa mwenyewe, hata awe na pesa za kununua pombe ya mji mzima. Chupa hubebwa na watu wa ukoo wake wakaziweke mbele ya watu wa mwanamke, na mpaka ziwekwe, mwanamke anaitwa rafiki tu, hata akipika miaka mia. Mama yake Ekow alikuwa ameshamchagulia binti wa mjomba. Ekow alipokataa, mama akala kiapo mbele ya wazee: hakuna mtu wa nyumba yake atakayebeba chupa kuingia kwa kina Esuon. Kisha akafa bila kukifungua. Baadaye wazee wakasema wangoje mwaka wa matanga uishe. Ukaisha, akafa mjomba. Kisha wakasema wangoje msimu wa kakao. Kila Krismasi Ekow alikuwa akisema, "Mwaka huu, Araba," na alikuwa anasema kweli kwa moyo wake, maskini, lakini hakuwa mtu wa kupigana na wazee. Araba naye alikuwa na kiburi, hakutaka kuomba. Wakazoea. Mji nao ukazoea, wakamwita mke wa fundi, na yeye akajiona mke wa fundi.

Mwezi wa kumi, mwaka wa sabini na sita, Ekow alianguka kwenye benchi lake huku randa ikiwa mkononi. Presha. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Hospitali walimpokea akiwa ameshakwenda, wakamwingiza kwenye friji, na tangu saa ile hakuwa tena wa Araba. Alikuwa wa ukoo wa mama yake.

Araba alikaa siku tatu bila kuoga. Siku ya nne akaoga, akafunga kitambaa cheusi, akaenda kazini, kwa sababu hakuweza kukaa kwenye vile vyumba viwili. Alitaka jambo moja tu duniani, na alilisema wazi kwa kila aliyekuja kumpa pole: aitwe mjane wa Ekow, apeleke fungu lake la maziko kama wajane wanavyopeleka, mkeka na mto na kitambaa na sifongo, na amwoshe mumewe kwa mkono wake na kumvika. "Baada ya hapo," alisema, "hata waninyang'anye vijiko, shauri yao."

Aliyemsikia ni Nana Otuwa, mama mdogo wa Ekow, bibi kizee aliyebaki peke yake katika ule uzao. Jumanne alikuja kwa Araba na fimbo yake, akakaa, akanywa maji, akasema:

"Mwanangu, kiapo cha dada yangu nitakifungua mimi. Ni mimi tu niliyebaki mwenye ulimi wa kukifungua. Ijumaa asubuhi ukoo unakaa. Nitamwaga kinywaji chini, nitaongea na dada yangu huko aliko, nimwambie yatosha sasa. Na mkuu wetu, Bentsil, ameanza kulainika."

"Ameanza kulainika kivipi, Nana?"

"Nilipomtajia jina lako hakutema mate. Kwa Bentsil hayo ni mapenzi." Araba akacheka, ndiyo, akacheka na machozi yakamtoka. Bibi akamshika mkono. "Lakini nisikilize. Kaa kimya. Andaa fungu lako, funga mdomo, usimwendee mtu. Mambo ya ukoo yanasemwa chini chini. Subiri."

"Nasubiri tangu wewe una meno, Nana."

"Basi subiri siku tatu nyingine. Utakufa?"

Jioni ileile Egya Bentsil, yaani Baba Bentsil, mkuu wa ukoo, alikuja kiwandani na karatasi ya bango. Alikuwa mzee mkavu, mwenye adabu nyingi na uso usiofunguka. Bwana Abakah alikuwa Cape Coast kutafuta wino, ambao siku hizo ulikuwa haupatikani, kwa hiyo karatasi ikapokelewa na Araba mwenyewe. Mzee hakukwepa. Akampa pole kwa utaratibu wote, kisha akaiweka karatasi mezani.

Araba akaisoma. AMEITWA NYUMBANI, sawa. Jina, sawa. Wakuu wa ukoo, kumi na mmoja. Watoto, marehemu wawili, na akashukuru kwamba wamekumbukwa. Mstari uliofuata uliandikwa kwa mwandiko uleule nadhifu wa mzee: Mjane, hakuna.

"Egya," alisema, "si ungeacha tu bila kuandika?"

"Nikiacha watauliza. Mimi ni mkuu wa ukoo, napaswa kujibu kabla sijaulizwa."

"Na mimi ni nani?"

Mzee akatazama kofia yake. "Wewe unajua ulivyomtunza, nami najua. Lakini orodha ni ya ukoo, si ya moyo wangu. Panga kama ilivyo, binti yangu. Mengine yana siku yake."

Mengine yana siku yake! Mzee alikuwa akimwambia kwa lugha ya wazee kwamba mlango hajaufunga. Hata mtu mwenye usingizi angesikia. Araba hakusikia, maana macho yake yalikuwa bado kwenye neno lile.

Jumatano asubuhi alipanga bango. Jina la Ekow alilipanga kwa Asafo, na zile herufi za mpera zilikuwa nyepesi kidogo kuliko za ng'ambo, kwa hiyo vidole vyake vilizijua bila kutazama. Mstari wa mjane aliupanga kwa risasi ndogo, kama ulivyoandikwa. Nakala ya majaribio ikapelekwa kwa Egya Bentsil, ikarudi na sahihi. Kwa sheria ya kazi, sahihi ikishawekwa, hata nukta haiguswi. Araba alikuwa amefukuzisha mwanagenzi mmoja kwa kosa hilo.

Saa sita alikaa na chakula chake hakukila. Akasimama, akatoa ule mstari wa risasi, akaumwaga mezani. Akaenda kwenye kasha la mbao.

Panful, fundi wa mashine, alikuwa anafuta rola. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na nane, wakitukanana kila siku kwa upendo. Alipokuja kubeba fremu akasimama. Mtu wa chapa husoma kinyume kama wengine wanavyosoma Biblia, na akasoma: MJANE, ARABA ESUON. Herufi zilikuwa za Asafo, ukubwa uleule wa jina la Ekow.

"Dada Araba," alisema, "mstari huu haumo kwenye karatasi ya sahihi."

"Najua kusoma."

"Mzee atakufa. Tutachapa bango jingine wiki ijayo."

"Chapa, Panful."

Panful akakuna kidevu, akaacha utani. "Sikiliza. Mimi nipo upande wako, unajua. Lakini kama lazima, weka kwa risasi. Kidogo, pale chini. Anayejua ataona, asiyejua atapita. Bentsil mwenyewe anaweza kujifanya hakuona. Wewe si ndiye unayetwambia hawa jamaa hawanong'oni?"

"Miaka ishirini na sita nimeandikwa kwa herufi ndogo," Araba alisema. Sauti yake ilikuwa shwari, na hilo ndilo lililomtisha Panful. "Leo wataniona hata walio juu ya lori. Ukiogopa, toka, nitachapa mwenyewe."

"Shauri yako, dada," alisema Panful. Akapaka wino, akachapa mia tatu. Alikuwa analia kidogo, akasingizia mafuta ya taa.

Alhamisi alfajiri vijana wa ukoo walikuja kuchukua mabunda yaliyofungwa kamba, ndoo ya uji wa muhogo mkononi. Kubandika mabango ni kazi ya mbio, nani atasimama kusoma jina la msiba anaoujua? Wakabandika mji mzima, wakabandika barabara ya kwenda Mankessim, kwenye miti ya umeme, kwenye ukuta wa soko, mpaka Kormantse. Na saa mbili asubuhi Saltpond nzima ilikuwa imesimama mbele ya kuta.

Nitasema kweli, ile Alhamisi Araba alikuwa na furaha. Alitembea kutoka nyumbani hadi sokoni, na kila alipopita wanawake waliacha biashara zao wakaja kumshika mikono miwili. "Pole, mjane wa Ekow. Pole, mama." Muuza nyanya aliyewahi kumwita rafiki wa fundi kwa kumkejeli alipiga goti. Jina lake lilikuwa kila mahali, nene, jeusi, limesimama kwa viatu vyake. Aliingia nyumbani akalikung'uta fungu lake, akalikunja upya. Mkeka mpya, mto, kitambaa cha bluu na nyeupe, taulo, sabuni, sifongo, kitana.

Ijumaa asubuhi Egya Bentsil, aliyeshinda Accra Alhamisi nzima akitafuta sanduku na kurudi usiku, alikuwa akienda kwenye kikao. Alikuwa na chupa mfukoni, ile ambayo Nana Otuwa angeimwaga. Alipofika mkabala na kanisa akaona bango. Wanasema alisimama pale muda mrefu. Watu walikuwa wengi, na kijana mmoja mpumbavu, wapo kila mji, akamwambia kwa sauti, "Mzee, kumbe mmeshampokea Araba? Hongereni! Tumesoma ukutani." Wengine wakacheka.

Mzee akageuza njia, akarudi nyumbani. Kikao kikakaa bila chupa, na kiapo kikabaki palepale.

Alasiri Araba alifika kwenye nyumba ya ukoo na dada zake wawili, mdogo akiwa amebeba fungu kichwani kwenye beseni la shaba, limefunikwa kitambaa cheupe. Ua ulikuwa umejaa viti na watu waliovaa nyeusi. Maiti alikuwa ameshaletwa kutoka hospitali, yuko chumba cha ndani, anangoja kuoshwa alfajiri. Kati ya Araba na mumewe kulikuwa na mlango mmoja na pazia.

Egya Bentsil akasimama mbele ya pazia hilo.

"Rudisheni," alisema.

"Egya, nakuomba," Araba alisema, akapiga magoti kwenye mchanga. Yule ambaye hakuwahi kuomba, aliomba. "Nakuomba kwa jina la mama yako. Nimekosa. Nipigeni faini. Nikabandue yote mimi mwenyewe, karatasi kwa karatasi. Lakini mniache nimwoshe. Mimi tu, mlango ukiwa umefungwa, asijue mtu."

Uso wa mzee ulitikisika. Waliokuwa karibu waliona. Alikuwa mtu, hakuwa jiwe, nami simtetei wala simlaani.

"Asijue mtu?" alisema. "Araba, umempa habari kila dereva wa lori. Leo nilikuwa nakuja kufungua mlango huu kwa mkono wangu. Nikiufungua sasa, mji utasema ukoo wetu unasoma ukutani ili ujue nani ni mke wa nani. Kesho kila mtu mwenye wino ataingia ukoo wa mtu. Siwezi. Ungesubiri asubuhi moja!"

"Nilisubiri miaka ishirini na sita!"

"Najua," alisema mzee. "Najua, binti yangu. Rudisheni."

Dada zake wakamnyanyua. Beseni likatoka nje ya geti likiwa na kila kilichomo, na ua wote ukaliangalia linavyotoka. Jumamosi walimzika Ekow. Araba alisimama nje ya ukuta wa makaburi, pamoja na watu waliokuja kwa heshima tu, na ukuta wenyewe ulikuwa na bango lililomwita mjane. Watu walimpa pole wakitoka. Alizipokea moja moja, akisema asante.

Bwana Abakah aliporudi alichukua chupa mbili, akaenda kuomba radhi kwa mkuu wa ukoo, akasamehewa. Hakumfukuza Araba, ila alimtolea maneno ambayo hakuwahi kumtolea, naye akayapokea. Panful akachapa bango jingine la marehemu mwingine. Kazi ni kazi.

Jumatatu jioni Nana Otuwa alikuja na fimbo yake kwenye vile vyumba viwili. Karakana ilikuwa imeshafungwa kwa kufuli la ukoo. Bibi alikaa, akakataa maji. Akasema, "Wewe mtoto. Wewe mtoto mjinga. Chupa ilikuwa mfukoni mwake. Lile 'hakuna' lingenyeshewa na mvua likaisha, nani angelikumbuka? Ungekuwa ndani."

"Najua, Nana."

"Nilikwambia siku tatu."

"Najua."

Araba hakulia. Alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono imelala mapajani, wino bado uko kwenye mistari ya vidole. Akauliza nani alimwosha. Bibi akasema ni vijana wanne wa ukoo, wa kutoka Accra, watoto wa binamu, waliokuja Ijumaa usiku.

"Walimvika nini?"

"Kitambaa cheupe, cha dukani. Alipendeza."

"Na goti lake la kulia?" Araba aliuliza. "Lilikuwa halinyooki tangu alipoangukiwa na gogo. Usiku nilikuwa naweka mto chini yake ndipo anapata usingizi. Waliliwekea kitu?"

Nana Otuwa akamtazama. Alikuwa bibi mkweli, na uongo mdogo ungemtosha Araba siku ile, lakini hakuupata kwa haraka.

"Lilikuwa limepinda," alisema. "Wakalikanyaga, mwanangu, ili sanduku lifunge. Hawakujua. Hakukuwa na mtu wa kuwaambia."